Almasi mbili zenye vyeti sawa: mimi hutazama nini

Waalaykum salaam kaka. Nimekuelewa hivi: uko Wete, harusi iko karibu, na umeonyeshwa Shangani almasi mbili za duara za nusu karati. Zote zina cheti cha GIA, ile maabara ya Marekani inayopima almasi, na zote zimepewa daraja la juu kabisa kwa mkato, ung'arishaji na ulinganifu. Ya kwanza ina pembe ya juu, yaani mteremko wa nyuso za juu za jiwe, nyuzi 35.5, na ya chini 41.2. Ya pili ni 34.5 na 40.8, bei imezidi kidogo. Unauliza kwa nini uongeze pesa ikiwa vyeti vinasema mamoja.

Nimekaa kwenye meza ya usonara Mkunazini mwaka wa 19 sasa, na jiwe kama hilo lako la kwanza nimewahi kulinunua. Lilikuwa na cheti cha namna hiyo hiyo. Kwa dalali aliyeniuzia, chini ya zile taa ndogo kali za dukani, lilikuwa likiwaka moto. Nikalitia kwenye pete ya bibi harusi. Hazikupita wiki mbili, shangazi yake akaja nayo mkononi: "Mwanangu, hili jiwe nyumbani halina uhai. Lina duara la kijivu ndani kama jicho la mzee." Nikatoka naye barazani, penye kivuli, nikaligeuza. Alikuwa amesema kweli, nami niliona haya, maana yeye hakuwa na lenzi wala cheti, ana macho tu.

Lile duara ni mwanga uliopotea. Almasi huupinda mwanga sana, na mwanga ukifika kwenye uso wa ndani kwa mshazari wa kutosha haupenyi, unarudi juu kwenye jicho lako. Ukifika karibu na wima, chini ya nyuzi 24 na nusu hivi, unapenya na kutokea chini. Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakata almasi, aliifanyia kazi hesabu hii mwaka 1919, akafikia pembe ya juu 34.5 na ya chini 40.75, na mpaka leo mawe mazuri yanazunguka hapo hapo. Pembe hizi mbili hufidiana: ya juu ikisimama, ya chini inapaswa kulala kidogo. Zikisimama zote mbili, kama kwenye jiwe lako la kwanza, mwanga huvuja kwa mzunguko chini ya ukingo wa meza, yaani ule uso mkubwa bapa wa juu.

Sasa cheti. Sikidharau, nakihitaji, lakini tujue kinasema nini. Jiwe la duara lina nyuso kuu 8 juu na 8 chini, na namba unayoisoma ni wastani wa zote nane, tena iliyokurubishwa: ya juu hadi nusu nyuzi, ya chini hadi 0.2. Uso mmoja ukiwa 33.5 na wa mkabala wake 35.5, wastani ni 34.5 safi kabisa. Na uso unaweza kuwa na pembe sahihi lakini umegeuka kidogo kushoto. Wastani wa pembe hauonyeshi hilo. Daraja la ulinganifu nalo linahusu umbo: ncha zinakutana, meza iko katikati, duara ni duara. Nyuso za juu na za chini zikipishana kidogo tu ndani ya jiwe, daraja linaweza lisishuke, na mwanga unajali hilo khasa.

Kwa hivyo nafanya hivi. Nachukua karatasi nyekundu isiyong'aa, naikunja kama wauza karanga wanavyokunja, wekundu ndani, nyembamba juu na tundu dogo la jicho. Jiwe naliweka juu ya kifuniko cha plastiki cheupe, tochi ya simu chini yake, meza ikinitazama. Nalifunika kwa ile karatasi, naweka lenzi ya mara kumi kwenye tundu. Wekundu ni mwanga unaorudi. Weupe ni mwanga unaovuja. Weusi ni kivuli cha lenzi na kichwa chako, na kwenye jiwe lililokatwa kwa umakini huchora mishale 8. Mishale naitazama kwa subira: urefu mmoja, unene mmoja, kichwa cha mshale kimekaa sawa na mti wake. Vijidoa vyeupe vidogo ukingoni ni kawaida vikirudiana pande zote. Weupe wa upande mmoja tu, au pete nyeupe chini ya meza, hapo narudisha jiwe. Wajapani ndio waliovipa umaarufu vifaa vya kutazama hivi miaka ya 1980. Jiwe likiwa halijafungwa, ligeuze kifudifudi uone mioyo 8. Iliyochanika au iliyopishana ukubwa inafichua uso uliogeuka.

Mishale mizuri haithibitishi kuwa ni almasi, maana zirkoni ya kutengenezwa huionyesha vile vile. Wala haithibitishi kuwa jiwe linang'aa. Mtu anaweza kukosea kwa usawa pande zote nane. Ndiyo maana wekundu nautazama kwanza, mishale baadaye.

Halafu osha jiwe kabla ya kulihukumu. Almasi inapenda mafuta, hata migodini zimewahi kunaswa kwa grisi, na vidole vyetu vina mafuta ya nazi. Maji vuguvugu, sabuni, mswaki laini, sugua chini.

Mkataji hakosei kwa kutojua mara nyingi, anaokoa uzito. Ile almasi ya waridi ya Mwadui aliyopewa Princess Elizabeth mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ikabaki kama 23.6. Usahihi unakula jiwe, na hicho ndicho unacholipia.

Kwa namba ulizoandika, jiwe la kwanza liache. La pili liombe nje ya duka, kwenye kivuli cha kichochoro, ulitazame kwa mkono ulionyooka, kisha kwenye karatasi nyekundu. Piga picha kupitia tundu, uiweke hapa nikusomee.