Mpira wa tumboni kwa mgonjwa wa MND: PEG, eksirei au upasuaji?

Dada, umeuliza kuhusu baba mwenye MND, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, hata ya kumeza na kupumua: anapaliwa na chai, uzito umeshuka kutoka kilo 68 hadi 63, daktari mmoja kasema PEG, yaani mpira wa kulishia tumboni unaowekwa kwa kamera, mwingine kasema mpira uwekwe kwa eksirei. Kabla ya kushika jina la njia, ulizia mambo mawili: baba anapumuaje akilala chali, na ni kitu gani kitaushika mpira ndani ya tumbo.

PEG, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980 na madaktari wa Cleveland, Marekani, hutumia kamera. Mgonjwa hulazwa chali, hupewa dawa ya usingizi mwepesi, kamera hushushwa kooni na tumbo hujazwa hewa mpaka taa ionekane kwenye ngozi. Daktari hubonyeza kidole pale penye mwanga. Kama kibonyeo hakionekani kwenye kamera, hachomi, kwa sababu huenda utumbo mpana au ini limekaa katikati. Kikionekana, anapiga ganzi, anakata kama sentimita 1, anaingiza sindano na kupitisha uzi unaonaswa na kutolewa mdomoni. Mpira hufungwa kwenye uzi huo na kuvutwa kupitia koo hadi utokeze tumboni. Ndani hubaki kisahani, na kisahani kinashika kwelikweli: mpira haung'oki ovyo.

Sasa mfikirie mtu ambaye msuli wa kupumulia umedhoofu. Amelala chali, amepewa dawa ya usingizi, kamera iko kooni, na hewa ya tumboni inausukuma msuli ule ule juu. Ndiyo maana madaktari wengi hupenda PEG ifanyike kabla kipimo cha pumzi hakijashuka chini ya asilimia 50 ya kinachotarajiwa. Kama baba anaamka na maumivu ya kichwa, anasinzia mchana au hawezi kulala bila mito mingi, daktari aelezwe kabla ya kupanga tarehe.

Njia ya eksirei, RIG, haihitaji kamera. Mpira mwembamba wa puani hupeleka hewa tumboni, altrasaundi huonyesha ini lilipo, kisha vishikizo viwili hadi vinne huufunga mfuko wa chakula kwenye ukuta wa mbele wa tumbo. Tundu hupanuliwa kidogo kidogo, mpira unaingia moja kwa moja kupitia ngozi. Ganzi inaweza kutosha, na mgonjwa huendelea na mashine yake ya kupumulia. Kwa pumzi dhaifu, mimi ningeanzia hapa. Udhaifu wake ni puto dogo la maji linaloushika mpira ndani badala ya kisahani: mpira ni mwembamba zaidi, huziba upesi, na puto likipasuka unatoka. Kuna pia PIG, inayoongozwa kwa eksirei lakini mpira hupitia mdomoni na kuacha kisahani ndani. Ni nzuri, ila vituo vinavyoifanya ni vichache.

Utafiti wa ProGas wa Uingereza, uliochapishwa 2015, ulifuatilia wagonjwa 330 wa MND waliowekewa mpira. Ndani ya siku 30 walifariki 5 kati ya 163 wa PEG, 5 kati ya 121 wa RIG, na 2 kati ya 43 wa PIG. Wagonjwa hawakupangiwa njia kwa kura, lakini tofauti ni ndogo. Kilichojitokeza zaidi ni uzito: waliochelewa mpaka wakapoteza zaidi ya asilimia 10 walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye, na watafiti walishauri hatua ichukuliwe karibu na asilimia 5. Baba ameshapita 7. Msikae miezi mkibishana juu ya njia.

Pasipo kamera wala mtaalamu wa eksirei, hubaki upasuaji, na mara nyingi huwekwa mpira wa mkojo, Foley. Huo hauna kizuizi cha nje. Tumbo likijikunja huuvuta ndani mpaka puto lizibe mlango wa kutokea chakula, mgonjwa anaanza kutapika. Pigeni alama ya kalamu pale unapokutana na ngozi, muiangalie alama hiyo kila siku, na muufunge mpira vizuri kwa plasta.

Mpira wa puto wa kulishia hukaguliwa maji yake kila wiki baada ya kidonda kupona. Ushikilie usiteleze, vuta kwa bomba la sindano: kama ziliwekwa mililita 5 na zinatoka 2, puto linavuja. Tumia maji safi ya hospitali, si ya chumvi, kwani chumvi huganda kwenye vali. Wa kisahani nao usibanwe: acheni nafasi ya kama nusu sentimita chini ya kizuizi cha nje, kisahani kisije kikazama kwenye nyama.

Siku tatu za mwanzo, akilalamika maumivu wakati wa kulishwa, akipata homa, au damu ikatoka, simamisheni chakula mrudi hospitali. Mpira ukitoka ndani ya wiki nne za kwanza, msiurudishe wenyewe, maana chakula kinaweza kumwagikia nje ya tumbo. Wahini siku hiyo hiyo, tundu hujifunga ndani ya saa chache. Kabla hamjaondoka wodini, mwandikiwe aina ya mpira, saizi, na mililita za puto.