Je, tutoe taarifa kabla ya majibu ya maabara?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini kwetu. Tangu Jumapili watu watatu wameharisha maji na kutapika. Mmoja wao, mwanamume mtu mzima, alifariki kabla hajafikishwa kituo cha afya. Wote wanatoka nyumba mbili zinazopakana. Nataka kutoa taarifa, lakini viongozi wananiambia nisubiri vipimo, kwani nikitaja kipindupindu na kumbe sicho nitazua taharuki. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya daktari, si yangu. Je, naruhusiwa? Niseme nini hasa? Na tufanye nini tukisubiri?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Piga simu kituo cha afya leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma majibu haya.

Unaruhusiwa, na kwa kweli mfumo mzima wa ufuatiliaji wa magonjwa unakutegemea wewe kwanza. Wataalamu hutofautisha mgonjwa anayeshukiwa na mgonjwa aliyethibitishwa. Kushuku ni kazi yako, kuthibitisha ni kazi ya maabara. Ndiyo maana dalili anazofundishwa mhudumu wa jamii huwa pana makusudi: ni afadhali wakaingia watu kumi ambao baadaye wataonekana hawana ugonjwa huo kuliko akaachwa mmoja mwenye nao. Hukosei ukitoa taarifa ya kuhara ambayo maabara itasema si kipindupindu. Taarifa yako ilikuwa ya kuhara na kifo, na hayo yote ni kweli.

Kilichonishtua katika barua yako ni kifo cha mtu mzima. Watoto wadogo huharisha kwa sababu nyingi. Lakini mtu mzima akiharisha maji hadi kuishiwa nguvu na kufa kwa muda mfupi, hilo peke yake linatosha kushuku kipindupindu, hata kama wale wawili wengine wasingekuwepo.

Sasa pima hoja ya kusubiri. Sampuli ya choo isafirishwe, ioteshwe maabara, isomwe, majibu yarudi: hizo ni siku kadhaa. Kipindupindu huonyesha dalili kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kumeza vijidudu. Kwa hiyo siku majibu yanapofika, kundi la pili la wagonjwa limeshakunywa maji yale yale. Dunia imelipia kusubiri kwa gharama kubwa. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi unaaminika ulianzia kwa mtoto mmoja katika kijiji cha Meliandou, Guinea, mnamo Desemba 2013. Homa, kutapika na kuhara vilifanana na magonjwa yaliyozoeleka pale, na virusi vikatambuliwa maabara mwezi Machi 2014. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na hadi unamalizika mwaka 2016 watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamefariki.

Kuhusu la kusema, usitaje jina la ugonjwa kama huna uhakika. Taja watu, mahali na wakati. Ujumbe wako unaweza kuwa kama mfano huu, ila weka hali halisi ya kwenu:

“Wagonjwa watatu wa kuhara maji na kutapika, nyumba mbili zinazopakana, karibu na kisima cha chini. Wa kwanza alianza Jumapili usiku, mwanamume mtu mzima, amefariki. Wengine ni mwanamke na mtoto wa miaka 6, wote hai, mtoto amelegea na macho yameingia ndani. Choo hakina damu. Wote wanatumia kisima hicho. Mazishi bado.”

Afisa afya akipata maneno hayo anajua abebe nini na aanzie wapi. Majina mpe yeye peke yake, kwa simu au ana kwa ana. Usiyaweke kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Familia ikishaanikwa mara moja, mgonjwa anayefuata atafichwa ndani, na mgonjwa aliyefichwa ndiye wa hatari zaidi. Taharuki wanayoiogopa viongozi wako huletwa na tetesi kuliko taarifa. Waombe wasimame mbele ya watu na waseme kinachojulikana na kinachofanyika.

Huku mnasubiri, jambo la kwanza ni maji mwilini, maana kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Mgonjwa akitibiwa mapema na ipasavyo, hatari ya kufa hushuka chini ya asilimia 1. Mpe maji yenye chumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini (ORS). Kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, visifurike. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Akitapika, subiri dakika kumi hivi, kisha endelea kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mgonjwa aliyelegea, kama mtoto wa kwenye mfano, asibaki nyumbani: aende kituoni sasa, akinywa njiani.

Maji wanayotumia wagonjwa, yawe ya kisima au kwingine, yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti. Mikono inawe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumhudumia mgonjwa, na kabla ya kugusa chakula. Kinyesi na matapishi ya mgonjwa yatiwe dawa ya klorini na yatupwe chooni, kamwe si karibu na kisima.

Mazishi yanahitaji uangalifu wa pekee, na najua ni jambo zito. Mwili wa aliyekufa kwa kuhara bado una vijidudu vingi. Waombeni watu wa afya waje wasaidie kuuandaa kwa heshima zote na kwa usalama. Aliyeugusa asipike chakula cha waombolezaji. Katika milipuko mingi chakula cha msibani ndicho kimesambaza ugonjwa, kwa sababu watu hutoka mbali, hula pamoja, kisha hutawanyika.

Basi andika orodha ya waliofika: nani, anarudi wapi, ameondoka lini, simu yake ni ipi. Ikabidhi kituo cha afya ili vituo vya huko wanakokwenda vipewe habari. Kila mmoja afuatiliwe kwa siku 5, na aambiwe kwamba akianza kuharisha aanze ORS papo hapo na aende kituoni bila kungoja asubuhi. Wewe nawe toa taarifa kila siku, hata siku isiyo na mgonjwa mpya. Andika “sifuri”, usinyamaze, kwani mtu wa afya akiona kimya hawezi kujua kama wagonjwa hawapo au kama mtoa taarifa ndiye ameugua. Na ukitoa taarifa usipojibiwa siku hiyo hiyo, mpigie aliye juu yake.