Buibui wa shimoni anayelia kama nyoka, ni dume au jike?

SWALI: Mtaalam habari, niko Voi. Nyuma ya nyumba kuna shimo la buibui mkubwa wa rangi ya kutu, vijana wakamchokoa na kijiti akatoka miguu juu analia shhhh kama nyoka. Anaua? Na ntajuaje kama ni jike, manake nataka kuziba kabla hajataga.

JIBU: Salama ndugu. Kwa hayo maelezo namdhania Pelinobius muticus, jamii ya tarantula (buibui wakubwa wenye manyoya), anapatikana Kenya na Tanzania. Hiyo sauti haitoki mdomoni, anasugua vinywele vigumu vya kwenye mashina ya miguu ya mbele. Akiinua miguu na kufunua meno hajakushambulia bado, anakuonya, sasa ukiendelea kuchokoa ndo anapiga. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha tumboni, wanazikwangua kwa miguu ya nyuma zinakurukia machoni alafu wao wanatoroka, ila huyu wetu hizo hana, akikosa njia ya kurudi shimoni anauma. Na hao vijana nadhani walimzibia njia.

Sumu yake inauma vibaya na kuvimbisha ila haijulikani kuua mtu. Ukiumwa osha na sabuni, weka kitu baridi, usichanje, na ukiona pumzi inakuwa ngumu kimbia hospitali.

Dume au jike? Mkubwa hivyo na bado anakaa shimoni, karibu hakika ni jike. Jike ana mwili mzito, miguu ya nyuma minene ya kuchimbia, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akijivua ganda kila baada ya muda. Dume akishakomaa anakuwa mdogo na mwembamba, anaacha shimo lake anazurura usiku kutafuta majike, na hadumu sana baada ya hapo. Mtazame vile vijiguu viwili vifupi kando ya mdomo, kwa dume mzima ncha zake zimevimba kama glavu za bondia, humo ndo anabeba mbegu. Akifika kwa jike anagongagonga kwanza mlangoni, asipojitambulisha vizuri anaweza kuliwa.

Kuziba sikushauri, shimo linaenda chini sana na atachimba upya tu, pengine karibu zaidi na nyumba. Wakataze vijana vijiti. Anayeweza kuingia ndani ni dume mzururaji, huyo mfunike na bakuli, pitisha kadibodi chini, mtoe nje.