Kabla ya kugusa kipeo, angalia kimeshika nini

Makosa mengi ya vipeo, zile namba ndogo za juu kama ³ katika x³, hayaletwi na kusahau kanuni. Kanuni mwanafunzi anazo. Kinachomponza ni kutotazama kipeo kimeshika nini. Kipeo hushika kile kinachokigusa upande wa kushoto, basi. Katika 2x³, tatu imeshika x peke yake. Katika (2x)³ imeshika mabano mazima, hivyo jibu ni 8x³. Ndiyo maana −3² ni −9, ilhali (−3)² ni 9.

Kanuni zenyewe ni chache. Msingi, yaani namba au herufi inayobeba kipeo, ukiwa mmoja, unapozidisha unajumlisha vipeo: x³ · x⁴ = x⁷. Unapogawanya unavitoa. Kipeo juu ya kipeo huzidishwa: (x³)⁴ = x¹². Ukisita kati ya ya kwanza na hii ya mwisho, andika zile x zote kwa kirefu uzihesabu, hakuna aibu.

Misingi ikitofautiana, usiichanganye: 2³ × 5² ni 8 × 25, yaani 200, wala si 10⁵. Na kujumlisha hakuna kanuni yake kabisa. x³ + x⁴ inabaki ilivyo. 2³ + 2³ ni mbili za 2³, yaani 2⁴ = 16; anayeandika 2⁶ amepata 64.

Kipeo hasi ndicho kinachosumbua zaidi, kwa kuwa watu hudhani kinaifanya namba iwe hasi. Hapana: kinaihamisha upande wa pili wa mstari wa sehemu. 2⁻³ ni 1/8. Lakini 2x⁻³ ni 2/x³. Ile 2 haishuki, haikushikwa. Tazama hili:

(2x³y⁻²)³ ÷ (4x⁵y⁻⁷)

Fungua mabano kwanza: 8x⁹y⁻⁶. Namba: 8 ÷ 4 = 2. Kwa x: 9 − 5 = 4. Kwa y: −6 − (−7) = 1. Jibu ni 2x⁴y. Wengi huangukia kwenye y, wakaandika −6 − 7 na kupata y⁻¹³. Weka mabano kwenye kila hasi unayoitoa, hata kama inaonekana ya kitoto.

Kipeo kikiwa sehemu, namba ya chini ni kipeuo na ya juu ni kipeo cha kawaida. Kwa 125 yenye kipeo 2/3, anza na kipeuo cha tatu: 5 (kwa kuwa 5 × 5 × 5 = 125), kisha 5² = 25. Ukianza na 125² utajikuta unatafuta kipeuo cha tatu cha 15,625. Jibu ni lile lile, taabu ni yako.

Ukimaliza, hakiki kwa kuweka namba. Hapo juu, x = 2 na y = 3 zinatoa 96 kwenye swali na kwenye jibu pia. Usitumie 1: kila kipeo cha 1 ni 1, kwa hiyo hata y⁻¹³ ingepita bila kuonekana.