Yellowknife kuna kazi, lakini si pori la bure

Mpwa wangu wa Shinyanga kaniuliza kwenye grupu la ukoo: "Mjomba, nije huko kwenye almasi? Si nchi kubwa, watu hakuna?" Wengi mmedandia swali, basi nawajibu wote.

Kazi ipo, ila inapungua. Mimi napika kwenye kambi ya mgodi, kaskazini ya mji wa Yellowknife, Kanada. Unapelekwa na ndege, unapiga wiki mbili mfululizo, saa kumi na mbili kwa siku, kisha wiki mbili mjini. Mshahara mzuri, kodi ya nyumba na chakula vinautafuna. Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi, saa tisa alasiri limeshazama. Mgodi wa almasi wa Diavik, ulioanza 2003, ulipangiwa kumaliza uchimbaji 2026. Wakala akikuahidi ajira kibao, shika pochi yako.

Hilo la "watu hakuna" ndilo linanikera. Northwest Territories, eneo la Kanada lenye mji huu, ni kubwa kuliko Tanzania na ina watu elfu arobaini na kitu tu, kweli. Lakini karibu nusu yao ni wenyeji: Wadene, Wametisi, Wainuiti. Watlicho, ambao ni Wadene, walitia saini mkataba na serikali 2003, wakabaki na kilomita za mraba 39,000, juu ya ardhi na chini yake. Migodi nayo ina makubaliano ya kuwapa wenyeji ajira kwanza. Wewe mgeni uko nyuma ya foleni, na mimi naona ni haki.

Maana waliyaona. Giant, mgodi wa dhahabu pembeni mwa mji, ulichoma mawe yake tangu 1949 ili kutoa dhahabu, na moshi ukamwaga aseniki, sumu kali, juu ya theluji. Watu walikuwa wakiyeyusha theluji hiyo wanywe. Mwaka 1951 mtoto wa Kidene akafa kwa sumu. Kampuni ilikuja kufilisika, serikali ikaachiwa tani 237,000 za vumbi la aseniki chini ya ardhi, na sasa inagandisha miamba lisivuje.

Jikoni nipo na mama mmoja wa Kitlicho. Huniletea samaki mkavu. Nyama ya karibuu, kulungu wa huku kaskazini, siku hizi adimu, kundi lao liitwalo Bathurst limeporomoka kutoka laki nne na zaidi miaka ya 1980 hadi chini ya elfu kumi. Haichukii migodi, imemsomeshea wanawe. Ila kwa karibuu anailaumu, ingawa wataalamu hutaja na mambo mengine.

Mpwa, ukija, njoo na cheti cha umeme au mitambo. Kusafisha Giant kutachukua miaka. Jaketi usinunue Dar, nitakununulia huku.