Mwalimu Anajibu: Kiti cha Bahati kina mwenyewe?

Swali: Hujambo Mwalimu. Mimi ni mwendesha bodaboda, steji yetu iko Lanet. Uchaguzi ukikaribia, wazee wa hapa hutuambia kiti cha ubunge cha Bahati huamuliwa kwenye mchujo wa chama kinachotamba Nakuru, kwamba Agosti tunaenda kugonga muhuri tu. Mimi si mwanachama wa chama chochote wala sitaki kuwa. Kuna haja gani ya kupanga foleni 2027?
*Msomaji, Lanet*

Jibu: Sijambo mwanangu. Panga foleni, tena uwahi. Wazee wako hawakudanganyi, ila wanakusimulia nusu ya habari.

Nusu yao ni hii. Bahati ilipata mbunge wake mipaka ilipochorwa upya na maeneo bunge yakaongezwa kutoka 210 hadi 290 kwa ajili ya uchaguzi wa 2013. Ina wadi 5: Dundori, Kabatini, Kiamaina, Bahati na hiyo yenu ya Lanet/Umoja. Huko juu watu ni wakulima. Huku kwenu ni ploti na nyumba za kupanga, watu wanaoamka mapema kuwahi kazi mjini, na mji wenyewe ni jiji tangu Desemba 2021. Mwaka 2013 Kimani Ngunjiri alipita kwa tikiti ya TNA. Mwaka 2017 akapita tena, safari hii kwa Jubilee. Chama kilichotamba, na mtu aliyekuwa ndani yake. Aliyetazama chaguzi hizo mbili pekee lazima angesema kiti hiki ni ngome, na mwenye cheti cha uteuzi ameshalala mheshimiwa.

Halafu ukaja 2022. Wimbi sasa lilikuwa la UDA. William Ruto alishinda Nakuru, Susan Kihika akamng'oa gavana Lee Kinyanjui, Tabitha Karanja akachukua useneta, wote wa UDA. Ngunjiri alikuwa na tikiti hiyo hiyo, naye alikuwa miongoni mwa watetezi wa Ruto waliosikika zaidi. Kwa hesabu ya wazee wako, hapo hapakuwa na mashindano. Lakini Bahati ilimchagua Irene Njoki wa Jubilee, chama kilichokuwa katika muungano wa Azimio, upande wa Raila Odinga.

Nimewahi kuwa karani wa uchaguzi, na ningependa kila kijana aone kura zikihesabiwa walau mara moja. Ni usiku, madawati yamesukumwa ukutani, mawakala wamekaa wakikodoa macho. Huanzwa na karatasi nyeupe za rais. Msimamizi anainua moja, anaigeuza kila wakala aione, anataja jina, inawekwa kwenye rundo lake. Rundo moja likishapanda, wakala wa chama hicho huanza kutabasamu na kupiga simu nje. Kisha linafunguliwa sanduku la karatasi za kijani, za mbunge, na majina yanayotajwa si yale aliyoyangoja. Watu ni wale wale waliopiga kura mchana, chumba ni kile kile. Kwenye kampeni waliambiwa wavae suti nzima, vipande vyote sita vya chama kimoja, wakaitikia kwa makofi. Kwenye kibanda wakachagua walivyotaka.

Wala si jambo la juzi. Sehemu kubwa ya mashamba ya huku ilikuwa ya walowezi, wananchi wakayanunua kwa hisa kupitia makampuni ya ardhi. Dickson Kihika Kimani, babake gavana Susan Kihika, aliongoza moja lenye nguvu sana, Ngwataniro, na 1974 akawa mbunge wa Nakuru Kaskazini. Mtu aliyeshika mambo ya ardhi ameshika roho za watu, nani angemgusa? Mwaka 1979 Koigi wa Wamwere alimwangusha. Wakati huo chama kilikuwa KANU peke yake, hapakuwa na pengine pa kuhamia, na bado wapiga kura walipata njia ya kumbadilisha mtu.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo linalokuhusu wewe na wenzako wa steji. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Mbunge hahitaji lolote kati ya hayo. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ameshinda, na hakuna duru ya pili. Wagombea wakiwa wengi na kura za chama kikubwa zikigawanyika, kundi dogo lililoamka mapema linatosha kuamua. Ndiyo maana huniuma nikisikia vijana wakisema watalala siku hiyo. Mbunge ndiye mwenye sauti kuhusu fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge: basari na madarasa. Akiamini kiti ni cha chama, atawaogopa viongozi wa chama, nyinyi atawapungia mkono barabarani. Akija kuomba kura, muulizeni kama orodha ya waliopata basari itabandikwa mahali pa wazi, nanyi msubiri jibu kabla ya kushangilia.

Kuhusu uanachama, hulazimiki. Kura ya Agosti haiulizi kadi ya chama. Ila kagua katika mtandao wa msajili wa vyama kama jina lako limo mahali, maana 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Ukilikuta, omba liondolewe.

Swali: Mwalimu, nimehamia Kiamaina lakini kura yangu iko Nakuru Town East. Nifanyeje?
*Mama Shiku, Kiamaina*

Jibu: Mama Shiku, nenda wewe mwenyewe katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge la Bahati ukiwa na kitambulisho halisi, si kopi, useme unataka kuhamisha kura. Sheria inataka ombi lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Usingoje Mei, foleni huwa ndefu.