Ile feti muliona ku foto, ngoja niseme vile ilikuwa

Mudogo wangu wa Kadutu, kule Bukavu, ameniandikia: "Yaya, tumeona foto za bonane, ile ya mwaka mupya 2023, keki kubwa, machupa, mumevaa vizuri, na wiki ile ile mama alikuomba dola 50 ya dawa ukamwambia angoje mwisho wa mwezi. Munatudanganya. Na miye mwezi wa 3 natimiza 18, nitafutie njia nikuje tukule maisha pamoja." Nimeisoma ndani ya gari, mbele ya kuingia kazi, nikaona hii siwezi kuijibu na maneno mawili, halafu najua haiko yeye peke anawaza vile.

Basi tuanze na ile keki. Dola 38, tulichanga batu sita. Machupa ilikuwa kumi na mbili, saba ya jus. Ile koti nyeusi umenisifia, nimeiazima. Nyumba ni ya mama ya mwenye feti, vyumba viwili, tulikuwa batu 19 ndani, viatu vyote mulangoni juu ya theluji, ungeingia ungesema ni kanisa.

Na haikuwa bonane tu, ilikuwa pia aniversere ya kuzaliwa ya rafiki yangu, mutoto wa Goma, ametimiza 21. Sasa utauliza kwa nini 21 wakati kwetu ukifika 18 umekuwa mukubwa, imeisha. Hapa Marekani ukiwa na 18 unapiga kura, unaweza hata kuingia jeshi ukapewa bunduki, lakini bia moja hawakuuzie mpaka 21. Kwetu nilikuwa na miaka 11 papa ananituma kubeba kasie ya bia ya Primus kutoka mutaa wa Essence mpaka nyumbani, hakuna mutu aliniuliza karte. Kwa hiyo hapa 21 njo siku mutoto anakuwa mutu, na marafiki wanamusindikiza dukani kama bwana harusi.

Tulimusindikiza batano. Kitambulisho chake kimesimama wima, juu huku Iowa kama haujatimiza 21 wanakuchapia karte ya kusimama, ukitimiza njo unapewa ya kulala. Mama muzungu wa kwenye kesi, pale pa kulipia, akachukua ile karte, akaigeuza, akasoma tarehe na kidole, akamwangalia usoni, akasoma tena. Kisha akacheka, akamutakia aniversere njema. Petit, mudogo wetu wa aniversere, alikuwa anatoka jasho na inje ilikuwa barafu. Akanunua chupa sita, na pale nyumbani hakumaliza hata moja, eti ni chungu.

Halafu ile tarehe yenyewe. Sisi tuliopita kambi ya wakimbizi wengi wetu tumezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1. Usicheke. Unafika mbele ya mutu wa kuandikisha, anauliza mutoto alizaliwa siku gani, mama anajibu ilikuwa wakati wa kuvuna maharagi, yeye anaandika 01/01 na mwaka, anaita mwengine. Kati ya batu 19 pale sebuleni, saba tulikuwa na aniversere siku ile ile, na miye ndani, mishumaa tungezima wote. Mwenye feti njo ana bahati, wamemukosea siku 18 tu, juu mama yake anakumbuka vizuri: volkano ilishuka Goma tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, na yeye akamuzaa siku mbili kisha, ngambo kule Gisenyi, Rwanda, chini ya turubai, Goma bado inatoa moshi. Mama huyo aliisimulia na kisu ya keki mukononi, hakuna aliyekula mpaka amalize.

Kisha kukula (fufu, sombe ya friza, majani ya muhogo, ambayo haina ladha ya kwetu lakini tunanyamaza, na sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Kivu, za mama mmoja ambaye hasemi anazitoa wapi) mutu akauliza: mara yako ya kwanza kuingia mji mukubwa ulikuwa na miaka ngapi? Wee, pale njo feti ilianza.

Yaya mmoja wa Uvira akatoa ya Kampala. Alikuwa na 16, ametoka kambi ya Nakivale na bisi, mufukoni elfu kumi ya Uganda na namba ya simu ya shangazi kwenye karatasi. Akashuka karibu na Old Taxi Park. Kama haujaiona, ni shimo kubwa limejaa taksi nyeupe za mustari wa bluu, zote sawa, mamia. Alizunguka mara tatu akitafuta kwenye aliingilia, mara ya nne mwenye kuuza maji akamwambia dada weye unanunua ao unatembea tu?

Mwengine akatoa ya Kinshasa, na miaka 18, kutoka Kavumu, uwanja wa Bukavu, na ndege, juu barabara ya kukufikisha Kin kutoka kwetu ni ya kuhadisia tu. Anasema siku ya kwanza aliomba sombe kwa mama wa restora, wakamwangalia, kumbe kule ni pondu. Kufika jioni mutaa wote walishamuita muswahili, na jina alikuwa nalo.

Ya kwangu unaijua nusu. Nilikuwa na 17, ni 2010, niliambia mama naenda kusoma kwa rafiki mutaa wa Nguba, kumbe tumepanda bato, meli ya usiku ya kwenda Goma, vijana watatu na tike mbili, wa tatu tulimuficha nyuma ya magunia. Hatukulala. Kisiwa cha Idjwi kinapita pembeni, cheusi, kuna moto mumoja mumoja, wavuvi wa sambaza wako na taa zao ku maji wanaimba, unasikia sauti mbele hujaona mutumbwi. Saa kumi ya usiku mwenzangu akanishika bega: kule mbele mbingu ilikuwa nyekundu, si jua, ni Nyiragongo, ile volkano ya Goma. Niliogopa nikafurahi pamoja. Goma yenyewe tulikaa siku moja, tukakanyaga mawe meusi ya volkano mpaka viatu vikatoboka, tukaona chukudu, ile baiskeli ya mbao, inashuka imebeba makala na mutu juu, tukarudi na njaa. Fimbo ya mama ilikuwa ya kweli, lakini ile mbingu niko nayo mpaka leo.

Tumeongea hivi kama masaa mawili. Mwisho petit wa aniversere akasema: lakini hakuna mutu amesema mji wa Marekani. Watu kimya. Kisha kicheko. Juu ni kweli, wengine wako hapa miaka sita, saba.

Chicago tulienda, yeye na miye na wengine wawili, 2021. Musikie vile tulienda. Tulitoka kazi ijumaa usiku, tukaingia gari bila kulala, kilometa 530 hivi, tunabadilishana kuendesha. Tumefika saa nne ya asubuhi. Parkingi ikakula pesa kuliko chakula chetu cha siku nzima. Tukapiga foto mbele ya ile sanamu ya kungaa wanaiitaka haragi, ndiyo, haragi, na inafanana kweli. Ile nyumba ya gorofa 110 tuliiangalia kutoka chini, juu kupanda ni kulipa na tulikuwa wanne. Tukafika ku ziwa Michigan, ngambo haionekani, petit akachota maji akaonja, akasema haina chumvi, ni kama kwetu. Nikamwambia hii kwa upana inameza Kivu mara ishirini, lakini kina haifiki mita 300 na Kivu inapita 470. Alifurahi sana, sijui kwa nini, alipigia mama yake simu pale pale kumuambia. Saa moja ya jioni tukarudi, juu mmoja wetu alikuwa na kazi jumapili. Foto za Chicago njo mulizisambaza kwenye familia yote mukasema yaya anaishi Chicago.

Miye naishi Des Moines, mji una jina la Kifaransa na ukilisema kwa Kifaransa hakuna anayekuelewa. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20 na batu milioni 3 na kidogo, na miye niko kwa hao nguruwe: kiwanda, kisu, baridi, mabega ya nyama yanapita mbele yako na hayangoji ufute kamasi. Masaa nane, mara ingine kumi. Kuna wiki nazungumza na batu wanne tu. Nyumba inakula karibu nusu, gari inakula, na ile tike ya ndege tuliyokuja nayo ilikuwa deni, nimeilipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka mwaka jana. Siseme ni mubaya. Nalala bila kusikia risasi, mwisho wa wiki mbili mushahara unaingia bila kubembeleza mutu. Lakini ile feti ilifunga saa tatu ya usiku juu wengi wetu tulikuwa tunaamka saa tisa, na mumeona masaa manne ya mwaka muzima.

Ile 50 ya mama imetoka ijumaa, muulize.

Ya kukuja, tutaongea, si kwa mesaji. Ya 18 yako nimeshaamua: kama mambo ya vita kule Kibumba, karibu na Goma, imetulia, nakutumia tike ya bato ya kwenda Goma, na ya kurudi. Ile ya usiku, si kano rapide, ile ya mbio. Mama namwambia miye mwenyewe, weye usimudanganye. Beba koti, kaa inje, na kama kuna mutoto amefichwa nyuma ya magunia, nyamaza.